Wakala, Gesi na Kutupa: Mapitio ya Tafsiri Moja Iliyosomwa Mugumu

Karatasi tunazozijadili hapa tulizikuta Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mikononi mwa walimu wa sayansi na mabwana afya waliokuwa wametoka semina. Zinahusu kemikali zilizopitwa na wakati: namna ya kuzitambua, kuzitenga na kuziondosha. Mtungaji amechagua kuanza na mfano wa mbali, nao ni masanduku ya mafunzo ambayo jeshi la Marekani liliyatumia kuwazoeza askari wake kuzitambua sumu za vita. Mfano huo tunausifu. Msomaji akishajua yaliyoyapata masanduku yale, ataelewa kwa nini zebaki ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Mara, au chupa zilizofutika maandishi katika stoo ya shule, haziishi kwa kufunikwa udongo. Tatizo letu ni tafsiri. Kwa kuwa karatasi hizi zinasomwa ili zitendwe, makosa yake hayawezi kuachwa yapite kama makosa ya hadithi.

Tuanze na jina la mada. Masanduku hayo yameitwa “seti za utambuzi wa wakala wa kemikali”. Mugumu ya leo inamjua wakala: ni mtu akaaye kibandani akitoa na kupokea fedha za simu, au anayeuza mbegu na mbolea kwa niaba ya kampuni. Bwana afya mmoja alitueleza, bila mzaha, kwamba alidhani somo lingemfundisha kuwatambua wauzaji matapeli wa viuatilifu. Na kwa kuwa matapeli hao wapo, alifika na daftari jipya. Mfasiri hakubuni neno hilo. Alifungua kamusi, akachukua maana ya kwanza, akaendelea na safari. Lakini katika lugha ya asili ya karatasi hizo neno lile halina maana ya mtu anayewakilisha mwingine. Lina maana ya kitu chenye uwezo wa kudhuru. Kiswahili kinacho kitu hicho, nacho ni sumu. Tunapendekeza “sumu ya vita”, na wingi wake “sumu za vita”. Wilaya yenye historia ndefu ya mishale ya wawindaji haihitaji kufundishwa sumu ni nini.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na kwa haki halikuanzia kwa mfasiri huyu. Ni “gesi ya haradali”. Sumu hii haina haradali ndani yake. Iliitwa hivyo kwa sababu ya harufu yake tu. Tena si gesi. Huganda katika nyuzi 14 hivi za sentigredi, na huchemka karibu na nyuzi 217. Maana yake ni kwamba katika hali ya hewa ya Serengeti ni kimiminika kizito kama mafuta, kinachotoa mvuke polepole. Wajerumani waliitumia vitani kwa mara ya kwanza karibu na mji wa Ypres mwezi Julai 1917, ndipo Wafaransa wakaiita kwa jina la mji huo. Sisi wa Afrika ya Mashariki tunayo kumbukumbu iliyo karibu zaidi. Katika vita vya 1935 na 1936 ndege za Italia ziliimwaga sumu hii juu ya askari na raia wa Ethiopia, ingawa Italia ilikuwa imekwisha kuridhia Itifaki ya Geneva ya 1925 inayokataza vita vya namna hiyo. Haile Selassie alipolihutubia Shirikisho la Mataifa tarehe 30 Juni 1936, alisimulia kitu kilichonyunyizwa kutoka angani kama mvua. Waliopatwa walilowa. Hawakuvuta moshi.

Kwa nini tung’ang’anie jambo hili? Kwa sababu mtu aliyeambiwa “gesi” atangoja wingu, na akiona hakuna wingu atashika kwa mkono. Sumu hii hupenya katika nguo na ngozi bila kuuma, na malengelenge hutokea saa kadhaa baadaye, wakati mtu amekwisha kula na kumbeba mtoto. Ajabu ni kwamba sanduku moja lilikuwa na sumu ya aina hii na ile ya pili pia, fosijeni, ambayo huchemka kwenye nyuzi 8 na kwa hiyo kichupa kikipasuka huwa gesi kwelikweli. Karatasi zetu zimeziita zote mbili gesi, na msomaji amenyang’anywa tofauti pekee ambayo ingemsaidia. Tunapendekeza “iperiti” kwa ile ya kwanza, na ielezwe kuwa ni kimiminika. Lewisaiti, kloropikrini na klorofomu ziachwe kama zilivyo.

Kuhusu “dawa za kunusa” tutasema machache. Palikuwa na masanduku ya jeshi la majini yenye chupa ambamo sumu ilinyonywa na mkaa ili mwanafunzi afungue na kunusa. Kuyaita hayo dawa ni hatari. Neno dawa limekwisha kubeba mizigo mingi mno: kidonge cha hospitali ni dawa, cha kuulia panya ni dawa, na maji ya josho ambamo ng’ombe wa Wakurya na Wangoreme hutumbukizwa ni dawa pia. Mzee aliyesomewa sentensi hiyo aliuliza kama ni ugoro.

Tunafika kwenye neno lililotufanya tuandike: “utupaji salama”.

Masanduku haya yalitengenezwa kati ya 1928 na 1969, na idadi yake hukadiriwa kuwa 110,000. Sanduku la kawaida lilikuwa mtungi wa chuma wenye vichupa 48 vya kioo vilivyozibwa kabisa, kumi na viwili kwa kila aina ya sumu. Vilipasuliwa uwanjani kwa kilipuzi kidogo ili askari wanuse wingu likipita. Masanduku yaliyobaki au kuharibika mara nyingi yalifukiwa papo hapo kambini, na huo ndio ulikuwa utaratibu wa siku zile. Kwa maneno mengine yalitupwa, na kwa fikra za wakati ule yalitupwa salama. Kambi zikafungwa, ardhi ikabadili matumizi, na vichupa vikaanza kufukuliwa na watu wasiojua ni nini. Kisiwani Guam vilionekana mwaka 1999 katika eneo la makazi. Kioo hakiozi.

Kilichofanywa baadaye hakikuwa kutupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 masanduku zaidi ya 20,000 yalichomwa katika tanuri maalumu huko Colorado, tanuri ambazo moshi wake husafishwa kabla ya kutolewa. Hata karatasi zetu zinajua hivyo, maana ukurasa unaofuata unasema “kuteketeza”. Hapo pia tunasita. Teketeza, kwa msikilizaji wa Serengeti, ni kiberiti na majani makavu. Kichupa cha fosijeni katika moto wa shimo hupasuka tu na kumwaga kilichomo. Na vile vilivyopatikana baadaye vilitibiwa kwa kemikali nyingine katika mitambo iliyofungwa. Kitendo hicho mfasiri amekiita “kuifanya isiegemee upande wowote”, kana kwamba sumu ni taifa lililohudhuria mkutano wa Bandung. Wengine wamependekeza “kuzimua”. Tunalikataa pia, kwa kuwa kuzimua ni kuongeza maji, na mtu ataongeza maji.

Tunapendekeza hivi: “uondoshaji” liwe neno la jumla, “kuchoma tanurini” kwa moto, na tanuri isidondoshwe kamwe, na “kuvunja sumu” kwa kazi ya kemikali, kwa kuwa ndicho kinachotendeka, sumu huvunjwa ikawa kitu kingine. “Kufukia” litajwe kwa jina lake, pamoja na katazo.

Tulipokuwa tunaondoka, mwalimu mmoja wa kemia alituonyesha nyuma ya maabara shimo la kimo cha mtu. Ndani ya stoo alikuwa na katoni mbili za chupa kuukuu, baadhi zikiwa hazina lebo, na karatasi za semina zilikuwa zimemwambia atupe salama. Tulimshauri afunge stoo na kuwasiliana na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Kanda ya Ziwa, Mwanza. Akakubali, kisha akauliza shimo alifanyie nini. Mwenzetu alimwambia apande mgomba.

Limebaki neno la sanduku lenyewe. “Seti” halituridhishi, na “sanduku” linaleta picha ya nguo. Baadhi yetu tunapendelea “bweta la mafunzo”. Wengine wanaona bweta ni la vito na hati. Wasomaji walio na neno bora watuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi.