Onyo Lisilotaja Pipa

Mwaka 1993 Maabara za Taifa za Sandia, nchini Marekani, zilitoa ripoti nene kuhusu namna ya kuwaonya watu wa miaka 10,000 ijayo wasichimbe katika eneo moja la jangwa la New Mexico. Chini ya eneo hilo, mita 655 ndani ya tabaka la chumvi, kimejengwa kituo cha WIPP, ambako huzikwa taka za utengenezaji wa silaha za nyuklia: glavu, vyuma, na tope lenye plutoni lililokaushwa kwa saruji au kwa vitu vya kunyonya maji, kisha likafungiwa mapipani. Ndani ya ripoti hiyo mna kifungu kifupi ambacho siku hizi kinazunguka duniani kama shairi. Watu hukinukuu bila ripoti, bila majedwali, nacho kinasimama chenyewe. Kwa kuwa wamekifanya shairi, na kisomwe kwa fani yake. Naona fani hiyo inafanya kazi ambayo haikutumwa.

Kifungu kimejengwa kwa sentensi fupi, kila moja na dai lake, viunganishi vichache mno. Kinaanza kwa kujitambulisha kuwa ni ujumbe. Kinaikana heshima ya mahali. Halafu kinasogea ndani: hatari ina kitovu, nayo inazidi kadiri unavyokikaribia. Mwilini kinafika karibu na mwisho, pale kinaposema kwamba hatari hii yaweza kuua. Ukikisoma kwa sauti unasikia hatua za mtu anayeingia, ilhali kusudi lilikuwa atoke. Chupa ya sumu hutanguliza fuvu la kichwa. Hapa kifo kimewekwa akiba hadi msomaji ameshazama. Kwa shairi, ucheleweshaji huo ni ustadi. Kwa onyo, ni kasoro.

Kisha kuna ule ukanushi wa mara tatu, ambao ndio unaowanasa wengi: hapana heshima hapa, hapana tendo tukufu linalokumbukwa, hapana cha thamani. Takriri hii ina mapigo mazito, na hatari yake imo mumo humo. Kila anachokikana, nafsineni hulazimika kukitaja kwanza. Msomaji ameshaliona kaburi la shujaa, ameshaiona hazina, kabla hajaambiwa kuwa havipo. Na mwenye jembe haamini kirahisi anayemwambia kwamba chini hakuna kitu; makaburi ya wafalme wa Misri yaliporwa pamoja na ulinzi wake wote.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ndogo. Vitenzi karibu vyote viko katika wakati uliopo, maana hatari lazima iwe hai kwa kila atakayesoma. Wakati uliopita unajitokeza hasa pale wasemaji wanapojisema wenyewe: kutuma ujumbe lilikuwa jambo kubwa kwao, na walijiona kuwa utamaduni wenye nguvu. Walijiona. Hawakudai kwamba walikuwa na nguvu kweli. Kitenzi kimoja kinaangusha dola nzima, na majigambo yanageuka tanzia bila hata neno moja la kilio.

Lakini nani aliyeiweka hatari hiyo pale? Hapo sarufi inanyamaza. Hatari ipo, inazidi, inaua, wala haina aliyeizika. “Sisi” wa kifungu hiki wametuma ujumbe tu. Kiwanda cha Rocky Flats karibu na Denver, kilichotengeneza viini vya plutoni vya mabomu na kupeleka tope lake Idaho, hakimo. Pipa halimo, wala bomu.

Haki itendeke: ripoti haikukusudia sentensi hizo zichongwe kwenye jiwe. Ilipanga ngazi kadhaa za ujumbe, na zile za juu, zilizopendekezwa ziandikwe kwa lugha 7, zinaeleza waziwazi ni taka gani na kwa nini zimezikwa. (Lugha 6 za Umoja wa Mataifa na Kinavajo, sisi wa Kiswahili tungesubiri tafsiri.) Kifungu chetu kilikuwa maagizo kwa wasanifu, yaani mambo ambayo umbo la mahali lilipaswa kuyasema bila maneno: msitu wa miiba ya mawe, au bamba jeusi linalounguza kwa jua. Yalikuwa maneno ya kuondolewa jukwaani kabla ya onyesho. Miiba haijajengwa hadi leo, na mpango uliofuata ni wa kawaida zaidi, tuta la udongo na nguzo za matale. Yaliyobaki vinywani mwa watu ni maneno.

Hata ile miaka 10,000 ni kipimo cha kanuni za serikali. Nusu ya plutoni-239 huchukua takriban miaka 24,100 kutoweka, kwa hiyo siku muda wa onyo utakapokwisha, robo tatu itakuwa bado ipo.

Iko pia sentensi moja yenye sharti: hatari itafumuka ikiwa tu mtu atapavuruga mahali hapo kwa kiasi kikubwa. Kila kitu katika mpango huu kinamtazama mvamizi wa kesho. Sasa tazama masharti ya pipa lenyewe kabla ya kupokelewa WIPP, yanayotazama kilicho ndani: maji yasifike asilimia 1 ya ujazo wake, kifuniko kiwe na chujio la kupitishia haidrojeni, na kilichotumika kunyonya unyevu kiandikwe. Katika pipa moja lililofungwa katika maabara ya Los Alamos Desemba 2013, mabaki ya chumvi za naitreti yalichanganywa na mchanga wa choo cha paka uliotengenezwa kwa ngano, badala ya ule wa madini. Mchanganyiko ukapata joto. Tarehe 14 Februari 2014 pipa likapasuka chini humo WIPP, mionzi ikafika hadi juu ya ardhi, na kituo hakikupokea taka tena hadi 2017. Hapakuwa na mchimbaji wala mvamizi. Aprili 2018 mapipa 4 ya tope yalipasuka huko Idaho, hata kabla ya kufikishwa kwenye chumvi.