Asilimia 100 ya Nini?

Kompyuta ya jirani yangu, mwalimu mstaafu, ilikuwa nzito kupita kiasi. Akishaiwasha anakwenda kuinjika chai, anarudi na kikombe mkononi, kiduara bado kinazunguka. Fundi mmoja alishamwambia ni virusi, ipigwe Windows upya.

"Mwanangu, mle ndani mna picha za harusi ya binti yangu na mitihani yote niliyotunga," aliniambia. "Ikipigwa Windows vinabaki?"

Swali hilo lilitosha kunizuia nisiguse kitu kwa pupa.

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikaenda kwenye ukurasa wa utendaji. Diski ilikuwa kazini asilimia 100. Wengi huishia kwenye namba hiyo, wakaanza kufunga programu moja baada ya nyingine. Mimi huuliza: asilimia 100 ya nini? Jibu lipo chini yake, kwenye kasi ya kusoma na muda ambao kila ombi linasubiri kujibiwa. Kasi ilikuwa kama kilobaiti 300 kwa sekunde. Muda wa kusubiri ulikuwa ukiruka hadi milisekunde 4,000.

Kasi ile ndogo peke yake haithibitishi ugonjwa. Sahani za diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea huchukua milisekunde 8 au 9 kufika kwenye njia inayotakiwa, kisha kwa wastani husubiri nusu mzunguko, milisekunde 4 na ushee. Kwa hiyo hata diski nzima, ikitumwa huku na huko, hufikia sehemu 80 tu kwa sekunde. Kila sehemu ikiwa na kilobaiti 4, unapata 320. Diski hiyohiyo ikisoma faili kubwa lililokaa pamoja hupita megabaiti 100.

Kilichonishtua ni zile milisekunde 4,000. Nilifunga kila programu, nikasubiri foleni ya maombi iishe, nikafungua picha moja tu. Muda ukaruka tena. Katika sekunde 4 sahani huzunguka mara 480. Kitu fulani mle ndani kilikuwa kikijaribiwa, kikishindikana, kikijaribiwa tena.

Diski huandika kumbukumbu za afya yake yenyewe, na programu ya bure ya CrystalDiskInfo inazisoma. Mstari wa C7 huhesabu makosa ya mawasiliano kwenye waya wa data. Ulikuwa sifuri, nikauondoa waya kwenye orodha ya washukiwa. Mstari wa 05, sekta zilizokwisha kubadilishwa, nao sifuri. C5 ulisomeka 48. Hapa hata mafundi wazuri hukosea, kwa sababu programu hiyo, usipobadilisha mipangilio, huonyesha namba kwa msingi wa 16. Nne mara 16 jumlisha 8: sekta 72 zilikuwa zinasubiri uamuzi.

Zinasubiri nini? Diski imeshindwa kuzisoma, lakini haithubutu kuzitupa, maana huenda siku moja data ikasomeka. Ukiandika kitu kipya juu ya mojawapo, ndipo diski inapoijaribu: ikishika data inaachwa, isiposhika inawekewa ya akiba. Tangu Windows Vista, kufomati kikamilifu huandika sifuri diski nzima. Kama yule fundi angefomati hivyo, hesabu ya C5 ingeweza kushuka, mashine ikaonekana imepona, fundi akalipwa, na picha zimefutika. Kupanga upya vipande vya faili nako kungeilazimisha diski mgonjwa isome na kuandika kwa saa nyingi. Nasema kwa mkazo: ukiona C5 imepanda, kazi ya kwanza ni kunakili.

Nilizima mashine, nikachomoa diski, nikaifunga kwenye kompyuta yangu pamoja na diski nyingine kubwa zaidi, nikawasha Linux kutoka kwenye flashi. Nilitumia programu ya kunakili iitwayo ddrescue. Uzuri wake ni mpangilio wa kazi: huokota kwanza embe zilizokwisha kuanguka, ndipo hupanda mti. Husoma maeneo mazima, huruka penye shida, na kuandika kwenye faili la ramani mahali ilipoparuka. Mzunguko wa kwanza niliupa alama ya -n isihangaike na vipande vibaya. Wa pili -r3, ivijaribu mara tatu zaidi. Kulipokucha zilikuwa zimebaki kilobaiti 12 zisizosomeka.

Windows niliipiga kwenye SSD mpya, isiyo na sahani wala kichwa cha kusafiri. Sasa chai haiwahi kuchemka. Diski ya zamani niliiandikia tarehe kwa kalamu, nikamkabidhi aitunze.

Tulikaa tukafungua picha moja moja. Moja ya harusi ilifunguka nusu: juu watu, chini kijivu kitupu. Mwalimu alisogea karibu na kioo, akahesabu nyuso kwa ncha ya kidole. Zote zilikuwepo. Kilichopotea ni miguu na mkeka.