Sura za Wanamuziki Ubavuni mwa Nganya

Nganya, yaani matatu iliyopambwa kwa michoro, ya njia namba 58 ikitoka mtaa wa Buruburu kwenda katikati ya jiji la Nairobi, jicho humwona kwanza mwanamuziki aliyechorwa ubavuni, dereva baadaye. Sifa zangu ni kwa fundi aliyemchora. Mafundi wengi kama yeye hawakusomea chuoni. Walianza kwa kumshikia fundi mkubwa kopo la rangi na kupiga msasa bodi, hadi siku walipoachiwa kona ndogo nyuma ya gari. Picha ya msanii akiwa jukwaani, pengine iliyopigwa kwa simu tu, ndiyo kielelezo. Kwa brashi ya hewa, fundi hujenga kivuli juu ya kivuli. Watu husema kazi iko machoni. Mimi nasema iko mdomoni: ukikosea kidogo, mwimbaji anaonekana anapiga miayo.

Mwaka 2004 kanuni za waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilileta mstari wa manjano kwenye matatu na kufuta michoro mingi. Ufundi haukufa. Leo, kuanzia mtaa wa Umoja hadi Dandora iliyolilea kundi la hip-hop la Kalamashaka, vijana huacha gari lisilo na mchoro lipite, wakasubiri linalong'aa. Wenye magari wanalijua hilo, ndiyo maana hulipa.