Fundi wa Dema Anafikiri

Litazame dema la mvuvi wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, kabla halijazamishwa. Fito zimepita njia tatu, kila ufito juu ya mmoja na chini ya unaofuata. Zinapokatana huacha matundu ya pembe sita yaliyozungukwa na vipembetatu. Hapana msumari wala gundi: kila ufito unabanwa na zile unazozibana.

Paulus Gerdes, Mholanzi aliyehamia Msumbiji miaka ya 1970 na baadaye kuongoza Universidade Pedagógica, aliusoma ufumo huu kama mhakiki asomavyo shairi. Hakuuliza unafanana na nini, aliuliza unazaliwaje. Kaza fito za njia tatu sawasawa, pembe ya digrii 60 inakuja yenyewe. Punguza ufito mmoja, tundu likawa la pembe tano, na ufumo uliokuwa bapa unaanza kujikunja. Kwa ufumo huo Gerdes aliunda hata vielelezo vya molekuli za kaboni ziitwazo fulereni.

Wanafizikia wa nadharia wanaujua ufumo huohuo kwa jina la kapu la Kijapani, kagome, tangu Itiro Syôzi alipochapisha hesabu zake mwaka 1951. Weka sumaku ndogo kila fito zinapokatana, kila moja itake kumgeuzia jirani mgongo. Katika kipembetatu, mbili zitaridhika. Ya tatu haina pa kugeukia. Fumbo hilo bado linawahangaisha wanafizikia. Kapu la Japani lilipata nafasi katika fizikia kwa sababu waliokuwa wakipiga hesabu walikuwa Wajapani. Wavuvi wa Palma hawakuwa na mtu wao pale.

Sasa kwenye ugomvi wangu na Gerdes. Mwaka 1988 aliandika kwamba hisabati imeganda ndani ya ufundi: aliyevumbua mbinu alifikiri kihisabati, anayeiiga kwa kawaida hafanyi hisabati. Mbona mpiga saksofoni wa jazz John Coltrane, aliyerekodi “My Favorite Things” mwaka 1960, wimbo usio wake, akaendelea kuupiga miaka kadhaa, haitwi mwigaji? Stephon Alexander, mwanafizikia mzaliwa wa Trinidad na mpiga saksofoni, anaonyesha katika The Jazz of Physics (2016) jinsi kubuni papo hapo jukwaani kunavyokaribiana na kubuni nadharia. Fundi wa dema naye hapati fito mbili zenye unene mmoja. Kila mkazo ni uamuzi. Aitwe darasani, asiitwe kuonyesha kazi ya mikono tu, aulizwe: hapa umekaza, pale umelegeza, kwa nini?