Kufumua Kabla ya Kushona

Waya ule ulikuwa na kona nne. Kwa macho sikuziona; nilizisikia kwa vidole pale daktari wa meno aliponiruhusu kuushika. Upande mmoja ulikuwa na 0.48 mm, wa pili 0.64 mm. Aliuchukua, akaukunja kidogo kwa koleo, akaulaza juu ya kipande cha kioo, kisha akainama mpaka jicho lake likawa sawa na uso wa meza. Ncha ya kushoto ilikuwa imenyanyuka. Yeye aliona imenyanyuka. Mimi niliona waya umelala. Akaukunja tena, akaulaza tena. Mara ya tano alinyamaza, akaugeuza, akaulaza kwa upande wa pili, ndipo akamgeukia mpwa wangu na kumwambia afungue mdomo.

Mimi nimestaafu, na dada yangu yuko kazini kutwa. Kwa hiyo ni mimi ninayemsindikiza binti yake kliniki, hapa Dar es Salaam, kila baada ya wiki sita hivi. Mwanzoni nilikwenda na gazeti. Tangu safari ya tatu gazeti linabaki nyumbani.

Mpwa wangu ana miaka 21, na taya lake la chini limetangulia. Embe hulimega kwa meno ya pembeni. Ya mbele hayamsaidii. Lakini ukiyatazama meno yenyewe, kasoro ilionekana ndogo, kwani ya chini yalikuwa yameyapita ya juu kwa milimita 2 tu. Eksirei iliyopigwa kwa ubavu wa kichwa ilisema mengine. Mifupa ilikuwa imepishana mara tatu ya hapo na zaidi. Meno ndiyo yaliyokuwa yakificha. Miaka yote aliyokuwa akikua, midomo na ulimi vilikuwa vikiyasukuma: ya juu yakalala kuelekea nje, ya chini yakalala kuelekea ndani, yakitafutana juu ya mifupa isiyokutana. Madaktari huiita hali hiyo fidia. Nimelipenda neno hilo, kwa sababu ndivyo ilivyo hasa: meno yamelipa deni la mifupa.

Tiba ni upasuaji wa taya, lakini deni likishalipwa hivyo, mpasuaji hana nafasi. Akilikata taya la chini na kulirudisha nyuma, meno yatagongana mara tu baada ya hizo milimita 2, na taya halitasogea tena. Kidevu kitabaki pale pale.

Marehemu mama yetu alikuwa fundi cherehani. Mara nyingi nilimwona akipokea gauni ambalo fundi mwingine alilibana hapa na kulipachika kitambaa pale, ili isijulikane kwamba lilikatwa vibaya. Hakuligusa kwa mkasi kabla ya kulifumua. Alilifumua mshono kwa mshono, kwa ncha ya wembe, mpaka kosa la kwanza likatokea hadharani, na gauni likawa baya kuliko lilivyoletwa. Hivyo ndivyo daktari huyu anavyofanya na meno. Anayasimamisha wima, kila jino juu ya mfupa wake, bila kujali kwamba kwa kufanya hivyo anayaachanisha.

Hakumficha mpwa wangu. Siku ya kwanza alimwambia, "Mwanangu, kwa mwaka mzima na zaidi nitakuwa nakuharibu. Utaonekana vibaya kuliko leo. Ukitaka kulia, njoo ulie hapa."

Lakini hata huko kuharibu hakukuanza siku ile. Taya la chini huchelewa kumaliza kukua, na taya likiendelea kukua baada ya upasuaji, kazi yote inapotea. Daktari alikuwa na eksirei ya mwaka uliotangulia. Akapiga nyingine na kuchora mistari ya moja juu ya nyingine. Hilo linawezekana kwa sababu mwaka 1931 Holly Broadbent huko Cleveland, Marekani, na Herbert Hofrath huko Düsseldorf, Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha namna ya kupiga kichwa eksirei kikiwa kimeshikwa mahali pamoja, kwa umbali uleule, ili picha ya leo ilinganishwe na ya mwakani. Mistari ya mpwa wangu ililaliana. Amekwisha kukua. Tukaanza.

Nilikuwa nikidhani jino limekitwa mfupani kama msumari kwenye ubao. Sivyo. Kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzi laini zenye unene wa robo milimita hivi, na jino linaning'inia humo. Ukilisukuma taratibu, upande unaobanwa mfupa hulika, na upande unaoachwa wazi mfupa mpya hujengwa. Jino husafiri hivyo, kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Ukilisukuma kwa nguvu, damu haipiti, tishu iliyobanwa inakufa, na jino linasimama mpaka mwili usafishe palipokufa. Daktari alilieleza hili huku akichagua waya, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimtazama kwa heshima nyingine. Mara nyingi nilimwona akishika waya mzito, akaupima kwa macho dhidi ya meno, akaurudisha na kuchukua mwepesi.

Nyaya za mwanzo zilikuwa za mviringo, za nikeli na titani. Madini hayo yaliyochanganywa yalizaliwa katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 George Andreasen wa Chuo Kikuu cha Iowa akayaleta kwenye meno. Ukiukunja waya wa aina hiyo hujirudi polepole na kwa nguvu ileile ndogo, wiki hata wiki. Kabla yake madaktari walikunja vitanzi vya chuma, kimoja baada ya kingine, ili kupata ulaini huo.

Waya wa kona nne huja baadaye. Kwenye kila jino imegandishwa breketi, na kila breketi ina mfereji wenye kuta zilizonyooka. Waya wa mviringo huzunguka ndani ya mfereji huo, kwa hiyo unaweza kuvuta kichwa cha jino na mzizi ukabaki nyuma. Wa kona nne hushika kuta; ukiupotosha kidogo, mzizi nao hugeuka ndani ya mfupa. Wazo hilo ni la Edward Angle, Mmarekani, katika miaka ya 1920. Kwa miaka mia moja sasa mafundi wa kazi hii wanaamua mzizi wasiouona ukae wapi, kwa kupotosha waya ambao mtu mwingine angeuona umenyooka.

Mpwa wangu naye ana kazi yake. Mswaki baada ya kila mlo, kwa dakika nyingi, breketi kwa breketi. Kashata hakuna, muwa hakuna, wala mahindi ya kuchoma. Meno mawili ya juu yalitolewa, moja kila upande nyuma ya chonge, ili ya mbele yapate nafasi ya kurudi. Magego ya mwisho ya chini yalitolewa pia, zaidi ya miezi sita kabla ya upasuaji, kwa kuwa hapo ndipo msumeno utakapopita. Mfupa unatakiwa upone kwanza, usiwe na shimo. Mpasuaji ataupasua kwa urefu, kama ubao unaopasuliwa kuwa mbao mbili nyembamba, halafu azitelezeshe moja juu ya nyingine na kuzifunga kwa vibamba vya titani. Mpasuaji Hugo Obwegeser alilipasua taya kwa urefu namna hiyo mwaka 1953 kwa kupitia ndani ya mdomo, na usoni hapakubaki kovu. Nimesoma juu ya wapasuaji kama yeye na ninawastahi. Ila majina yao yanajulikana, na anayekaa mwaka mzima akiwatengenezea njia hatajwi.

Mwezi wa kumi na moja wa matibabu daktari aliweka rula mdomoni na kusoma: 7. Milimita 7, meno ya chini mbele ya ya juu. Aliandika tarakimu hiyo kwa furaha isiyojificha. Wiki hiyohiyo mpwa wangu alikataa kupigwa picha kwenye harusi ya binamu yake, na kwenye gari, akiwa amefunika mdomo kwa kanga, aliniambia, "Mjomba, nimeharibika kweli." Herufi ya "s" ilikuwa imeanza kumtoka kwa mluzi. Sikuwa na jibu. Nilimpeleka kwa daktari siku ambayo hakuwa na miadi, akalia palepale alipoahidiwa.

Daktari hakumpa maneno mengi. Alifungua kabati na kutoa sanamu mbili za plasta, taya lake la juu na la chini, zilizomiminwa wiki chache kabla. Alizishika jinsi zilivyo mdomoni, meno ya chini yakiwa mbele. Kisha akalitelezesha la chini nyuma, mpaka pale litakapokuwa baada ya upasuaji. Lilikwama. Gego moja la juu, upande wa kulia, lilikuwa linagonga kabla ya mengine. "Unaona? Hili bado," alisema. Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi yake. Anapanga meno ya juu yafuatane na ya chini mahali ambapo ya chini hayajafika. Leo hayapatani kabisa, na hayatakiwi kupatana. Upinde wa juu lazima uwe na upana unaofaa taya litakalorudi nyuma, wala si hili lililopo.

Siku hizi meno hupimwa kwa mwanga na taya husogezwa kwenye kompyuta, naye daktari anayo programu ya kufanya hivyo. Mpasuaji huitumia kuchapisha bamba la plastiki litakaloongoza meno siku ya upasuaji. Plasta hajaiacha. "Kompyuta inanionyesha," aliniambia. "Mkononi ninasikia."

Miezi mitano ikapita juu ya gego lile na wenzake wawili watatu. Ndipo ukaja waya nilioanza nao, wa mwisho, wa chuma cha pua, uliobanwa ndoano ndogo kati ya jino na jino kwa ajili ya mipira itakayoshika taya baada ya upasuaji. Waya huu hauvuti kitu. Unakaa tu wiki kadhaa, ili meno yatulie kabla ya kipimo cha mwisho.

Jana plasta mpya ilikuwa imekauka. Daktari hakuishika yeye. Alimpa mpwa wangu nusu mbili, taya la juu mkono wa kushoto, la chini mkono wa kulia, akamwambia ayalete pamoja yeye mwenyewe. Aliyasogeza kwa woga, akilitelezesha la chini nyuma kidogo kidogo, huku kidevu chake kikiwa bado mbele kama siku zote. Magego yakagusana pande zote kwa wakati mmoja, yakatoa mlio mmoja mkavu. Akayafungua, akayafunga tena, akasikiliza.