Kutafuta tafiti za wanaosita kuchanja: njia iliyopitia pepopunda ya Kenya

Wengi hukosea mapema, kwenye maneno ya kutafutia. Wanaandika "madhara ya chanjo", na wanachopata ni hoja za wapinga chanjo wenyewe, si tafiti zinazowachunguza. PubMed, hifadhidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ina kichwa kimoja cha mada kwa kusita kuchanja na kingine kwa vuguvugu la kupinga chanjo. Tuutumie mgawanyo huo. Mama anayeahirisha kwa kuogopa homa ya mtoto si sawa na kikundi chenye viongozi na ajenda. Kwa upande wa mama, pa kuanzia ni makala ya mwaka 2015 katika jarida la Vaccine, iliyotokana na kikosi kazi cha WHO kilichofafanua maana ya kusita. Ifungue kwenye Google Scholar, kisha pitia orodha ya walioitaja.

Upande wa vikundi ndio mgumu. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda waliyokuwa wakipewa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilitiwa hCG, homoni ya ujauzito, ili wasizae. WHO na UNICEF walikanusha. Tafuta habari hiyo leo na utakutana na makala ya mwaka 2017 katika Open Access Library Journal inayolitetea dai hilo. Ina ikisiri, majedwali na marejeo, kila kitu cha utafiti. Lakini soma majina: baadhi ya waandishi walikuwa ndani ya kampeni ileile ya kuipinga chanjo hiyo. Soma na njia: vichupa vilipimwa kwa vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya damu na mkojo wa binadamu, si kwa chanjo.

Wapo watakaoitupa. Mimi naishikilia kwa nguvu zote, ila katika fungu lake: inatuonyesha kikundi kinavyojenga hoja, na haithibitishi lolote kuhusu chanjo. Tena ukifuata chimbuko la hoja yake unafika India, kwa G. P. Talwar na wenzake, ambao mwaka 1994 walichapisha katika jarida la PNAS matokeo ya chanjo ya majaribio ya kuzuia mimba iliyotumia hCG. Chanjo hiyo ilikuwapo kweli, ingawa si ile iliyopelekwa Kenya. Bila kujua hilo, hofu ya wale wanawake itaonekana ujinga mtupu, na hiyo ni dhuluma kwao.

Hifadhidata za tiba pekee hazitoshi. Wanaanthropolojia walishaandika kisa kama hicho: Pamela Feldman-Savelsberg na wenzake, mwaka 2000 katika Medical Anthropology Quarterly, walieleza jinsi wasichana wa Cameroon walivyokimbia chanjo ya pepopunda mwaka 1990. Kitabu cha Melissa Leach na James Fairhead cha mwaka 2007, Vaccine Anxieties, kinalinganisha Uingereza na Afrika Magharibi.

Kabla ya kunukuu chochote, hakikisha hakijaondolewa. Makala ya daktari Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya MMR na usonji kwa watoto 12 tu, ilifutwa na Lancet mwaka 2010, na nakala zake bado zinazunguka mtandaoni bila alama ya kufutwa. Fungua ukurasa wake wa PubMed. Ilani ya kufutwa iko hapo.