Maboksi 50 ya udongo

Whitby ni mji wa bandari huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, pale mto Esk unapoingia baharini. Sijafika, naujua kwa vitabu na kwa picha za wenye visa. Unapanda vidato 199 hadi kanisa la St Mary's na magofu ya abasia. James Cook alijifunza ubaharia hapo. Lakini tuseme ukweli, wengi wanamfuata jamaa ambaye hakuwahi kuwepo. Kuna wageni hufika makaburini wakauliza Dracula amezikwa wapi. Na tangu 1994 magothi hukusanyika mjini wamevaa nyeusi tupu.

Bram Stoker alikaa Whitby mwaka 1890 kwa likizo. Miaka 5 kabla yake, meli ya Kirusi iitwayo Dmitry ilikuwa imekwama hapo mchangani ikitoka Narva. Stoker akapanga herufi upya: Narva ikawa Varna, Dmitry ikawa Demeter. Riwaya ikatoka 1897.

Wahakiki wameshasema, tena mpaka tumechoka, kwamba Dracula ni hofu ya Mwingereza kwa mgeni kutoka mashariki. Sawa. Mimi kilichonishika ni makaratasi. Meli inaingia na dhoruba, nahodha ni maiti iliyofungwa kwenye usukani, mbwa mkubwa anaruka nchi kavu na kutoweka. Mji mzima unaongea. Na yale maboksi 50 ya udongo? Kulipokucha wakili wa hapo Whitby anapanda melini, anayapokea rasmi, kisha yanapakiwa kwenye treni ya London. Hakuna anayeuliza udongo ni wa nini. Mnyonya damu ana wakili, na nyumba alishanunua kabla hajasafiri!

Sasa chukua By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, 2001. Saleh Omar, mzee aliyekuwa akiuza fanicha Zanzibar, anatua Gatwick na pasi yenye jina la mtu mwingine na kijisanduku cha udi. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, na anakijua vizuri. Afisa wa uhamiaji anapekua mzigo, anaunusa ule udi, anajichukulia. Gurnah haharakishi hapo hata kidogo, anakuacha umesimama na mzee mbele ya ile meza hadi unakereka. Baadaye mzee anapewa makao katika mji mdogo wa baharini ambao hata jina hatuambiwi.

Kwa vitisho, Stoker ni fundi, ingawa watu wake wa Whitby ni wepesi kama karatasi. Isipokuwa Mzee Swales, baharia wa karibu miaka 100, anayekaa makaburini akisema mawe yanadanganya: yameandikwa fulani amelala hapa, kumbe alizama mbali na maiti haikuonekana. Huyo ningemsoma kitabu kizima. Stoker anamvunja shingo mapema mno.